Mama Aliyesuka Matangi kama Maziwa

Tangi la mafuta ukilifungua kutoka kwenye pikipiki yake na kulining'iniza kwa kamba mbili kwenye boriti, halifanani tena na kitu cha gereji. Linafanana na kibuyu cha maziwa. Sijui kama ningeligundua hilo mwenyewe. Nililiona kwa sababu kwa miaka mingi, karibu kabisa na mlango wa karakana yangu hapa Bariadi, mwanamke mmoja alikaa kwenye kigoda, akashika tangi lililoning'inia, akalisukuma na kulivuta, akalisukuma na kulivuta, kama walivyofanya mama zetu walipokuwa wanasuka maziwa ili siagi ijitenge. Ndani ya tangi hakukuwa na maziwa. Kulikuwa na maji mazito ya ukwaju na changarawe, na kilichotoka mwishoni hakikuwa siagi bali tope jekundu la kutu.

Watu walimwita Mama wa Matangi. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini yeye hakupenda litajwe barabarani, na mimi sioni sababu ya kulitaja hapa.

Kwao ni Nkololo, maana ndiko alikoolewa na ndiko alikojenga. Hakuja mjini kutafuta kazi. Alikuja kwa sababu watu wa nyumbani waliacha kula kutoka mkononi mwake. Aliniambia jambo hilo mapema, mwaka ule ule tulioanza kufahamiana, bila kupandisha wala kushusha sauti, huku anachungulia ndani ya tangi kwa msaada wa kipande cha kioo kilichorudisha mwanga wa jua. Mumewe alikuwa amefariki. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya wanawake wengi wa huku waliopikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe maisha yao yote, katika majiko yasiyo na dirisha. Mtoto wa jirani akaugua, ng'ombe wa jirani mwingine wakafa, na maneno ya uchawi yakaanza kutembea. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemgusa. Ila siku moja alimpelekea jirani mtindi, jirani akaupokea kwa mikono miwili na kusema "Wabeja, mayu," yaani asante mama, na jioni Mama akaukuta umemwagwa nyuma ya zizi. Baada ya hapo ukatokea msiba. Sufuria lake la ugali lilirudi limejaa kama lilivyokwenda.

"Fundi," aliniambia, "mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akimwaga mtindi wako utamjibu nini?"

Kila mtu wa mkoa huu anajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Akafunga nguo zake, akaja mjini. Lakini katika miaka yote niliyomjua alitaka kitu kimoja tu: arudi kwenye mji wake, akae kibarazani kwake, na watu wale kutoka mkononi mwake. Yote ninayoyaeleza kumhusu, hata yale ya kuchekesha, yalikuwa juu ya jambo hilo.

Mahali pa kukaa alipachagua mwenyewe. Jirani yangu wa upande wa pili alikuwa mchomeleaji wa milango na madirisha, Mgogo, mtu wa maneno mengi. Mama alipotaka kuweka kigoda chake karibu naye, mchomeleaji alimwonya.

"Mama, hapa kuna mwanga mkali na moshi. Utaharibu macho."

"Yameshaharibika. Wewe yako yana rangi gani?"

"Mekundu."

"Na ya huyu fundi?"

"Naye mekundu. Hapa yote ni mekundu, mama. Ni sare ya kazi."

"Basi nimefika," akasema, akakaa.

Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu nyingine. Tangi lililokuwa na petroli, hata ukilimwaga lote, hubaki na mvuke, na mvuke ule ukikutana na cheche haukupi nafasi ya kujuta. Tulibishana. Mwishowe alihamia upande wangu, nyuma ya ukuta wa matofali, chini ya mwarobaini, na tukaweka sheria kwamba kila tangi lisafishwe kwanza kwa maji na sabuni, mbali na moto, kabla ya kazi nyingine yoyote. Aliikubali sheria. Lakini kigoda alikiweka pale ukuta unapoishia, ili mpita njia akitazama awaone yeye na mchomeleaji kwa pamoja. Sasa nafahamu kwamba hakujali kivuli wala upepo. Alikuwa anatafuta mahali ambapo macho yake hayamshangazi mtu.

Kazi yenyewe nitaieleza jinsi ilivyokuwa, maana watu wengi waliiona kwa mbali na kudhani ni mzaha. Kutu ya ndani ya tangi haifikiki kwa msasa wala kwa brashi. Mdomo ni mdogo, na ndani kuna kona ambazo mkono hauingii. Lazima upeleke kitu kitakachojipeleka chenyewe. Alikuwa anatoa koki, anaziba tundu lake kwa kijiti kilichoviringishiwa mpira wa tyubu, kisha anamimina ukwaju aliouchemsha na kuuchuja, ungali moto. Aliuacha ulale humo. Kesho yake alitia changarawe alizoziokota mwenyewe mtoni, zenye kona kali, akafunga kifuniko, akalining'iniza tangi na kuanza kusuka.

Alisuka akisikiliza. Changarawe zikipita juu ya kutu hutoa sauti nzito, kama mtu anayetembea kwenye makapi ya mtama. Kutu ikiondoka sauti hubadilika na kuwa kali. Aliijua kona ambayo bado haijasafika kwa sauti tu, akafupisha kamba ya upande mmoja ili tangi lilale kuelekea huko. Haya hakufundishwa na fundi yeyote. Alikuwa amesuka maziwa tangu usichana wake, na anayesuka maziwa hujua siagi imejitenga kwa kusikia, kabla hajafungua kibuyu.

Mimi ni mtu niliyejifunza ufundi kwa kusoma vitabu vya mashine nilivyovikuta hapa na pale, na kwa kufungua injini zilizokufa. Nilikuwa na maoni yangu. Nilimwambia ukwaju ni dhaifu, tutumie maji ya betri. Tukajaribu kwenye tangi moja kuukuu. Maji ya betri yalikula kutu, kisha yakaendelea na bati.

"Ukwaju una adabu," alisema huku anapitisha kidole kwenye tundu jipya. "Unakula ulichoitiwa, unanyanyuka."

Upande mwingine nilikuwa na msaada. Nilimwonyesha kwamba ukwaju ukishamwagwa lazima ndani pasuuzwe kwa maji ya magadi, la sivyo ule uchachu unaobaki utaendelea kulila bati kimyakimya. Alilikubali hilo mara moja. Magadi aliyafahamu, yalikuwa ya kupikia mlenda. Alichokataa ni maelezo yangu.

"Usinieleze kwa nini, fundi. Nieleze kiasi."

Baada ya magadi na maji safi ndipo ulipofika wakati ambao hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Bati lililotoka kusafishwa, likiwa bado bichi, hushika kutu upya mbele ya macho yako. Rangi ya machungwa hutambaa juu yake kama ukungu. Lazima likauke haraka. Alilielekeza tangi juani mdomo ukiwa chini, akaligeuza, akapuliza ndani kwa mvukuto aliokuwa ameuomba kwa mhunzi, akamimina petroli kidogo, akalizungusha, akamwaga, akapaka oili. Wakati huo hakuitikia salamu ya mtu. Na huku kwetu salamu si jambo la kurukwa. Unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, mvua imefika wapi. Siku moja mzee mmoja mwenye tangi lake alikuja katikati ya kazi hiyo.

"Mwangaluka, mayu."

Kimya.

"Mwangaluka!"

Kimya. Mzee akanigeukia mimi. "Huyu mama ni kiziwi?"

"Si kiziwi, mzee. Anakausha tangi lako."

"Kwa hiyo tangi langu ndilo linalonidharau?"

Alipomaliza kupaka oili, Mama alinyanyuka, akafuta mikono, akapiga goti kidogo kama mkwe, na akamsalimia mzee yule salamu yote, kuanzia yeye, wake zake, watoto, ng'ombe, mpaka kisima. Mzee alichoka kabla yake. Aliondoka anacheka.

Si kila alichokitoa nyumbani kilifaa mjini. Mwanzoni hakupaka oili ndani ya tangi, alipaka samli. Kwake lilikuwa jambo lisilohitaji mjadala: kibuyu hupakwa samli, ngozi hupakwa samli, mtoto mchanga hupakwa samli, chombo kilichosafishwa kinawezaje kuachwa kikavu? Petroli huyeyusha samli, lakini yale masalio ya maziwa yaliyomo hayaendi popote. Hujikusanya kwenye chujio na kwenye kabureta. Ukaja msimu wa baridi, ule wa Juni, na asubuhi moja kijana wa bodaboda alifika akisukuma pikipiki kwa miguu, amelowa jasho.

"Mama, umenifanyia nini? Pikipiki inanuka chapati."

"Inanuka vizuri basi."

"Abiria wangu wananiuliza kama nina chai!"

Mchomeleaji aliangusha chuma chake kwa kicheko. "Msukuma hata ukimpa ndege atatafuta chuchu zake zilipo akamue."

"Na Mgogo ukimpa ndege," alijibu Mama bila kugeuka, "ataiomba impelekee mvua kwao."

Wale wawili walikuwa watani kwa desturi ya makabila yao, na waliutumia utani huo mpaka tone la mwisho. Samli ilikoma siku hiyo. Lakini kuna wakati nilimwona, tangi likishapakwa oili, akijipaka kiganjani masalio ya kikopo chake cha samli, polepole, kama mtu anayekumbuka kitu.

Aliimba akiwa anasuka. Zile nyimbo za kusukia maziwa hakuzileta mjini. Hapa alijitungia za kumsema mwenye tangi, na kama mwenyewe alikuwa amesimama pale akisubiri, ndivyo zilivyozidi kuwa kali. Mwenye tangi ana viatu vinavyong'aa, tangi lake linakohoa. Mwenye tangi ana simu mbili, mafuta yake ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Vijana walilalamika na kurudi. Wapo walioleta matangi yasiyo na kutu ya maana ili tu wasikie wataimbwaje.

Ukimuuliza kutu inatoka wapi, hakukuambia maji. Alisema inatokana na nafasi. Watu huku hununua pikipiki baada ya kuuza pamba, huitembeza mpaka mafuta yanapokwisha, kisha huiegemeza ukutani hadi msimu mwingine. Tangi tupu hutoa jasho ndani usiku, likakauka mchana, likatoa jasho tena. "Chombo kinachokaa bure kinajila chenyewe," alikuwa akimwambia kila mteja. "Ukiiegemeza, ijaze mpaka shingoni." Kwa kipimo cha vitabu vyangu ni maelezo sahihi kabisa.

Kuna mambo kwake ambayo hayakukaa pamoja. Alisafisha matangi ya pikipiki miaka yote hiyo na hakuwahi kupanda pikipiki. Aliziogopa, akasema mnyama asiye na masikio huwezi kumwita. Alikuwa mkali kwa mwenye duka kuhusu ukwaju uliochanganywa mchanga, akaubwaga chini mbele ya wateja, na kesho yake akamlelea mke wa mwenye duka mtoto wake mgonjwa kutwa nzima. Alikula chochote alichopewa na yeyote. Lakini yeye hakumpa mtu chakula. Mchana alifungua kisahani chake, akageuza kigoda akatazama ukuta, akala peke yake. Kwa Msukuma, kula ukiwa umempa jirani mgongo ni aibu. Wengine walimwita mchoyo. Mchomeleaji alimwambia usoni.

"Mama, siku utakayonipa tonge nitaandika ukutani."

"Ukuta wako hauna nafasi," alisema, na akaendelea kula.

Hakutaka kumpima mtu. Kama hutoi, hukataliwi.

Matangi yaliyotoka upande wa Nkololo aliyatambua kwa udongo uliokauka chini yake, na hayo aliyasuka kwa muda mrefu kuliko mengine, hata yalipokuwa safi. Aliwauliza wenyewe maswali ambayo hayakuwa na uhusiano na kutu. Mvua imeshuka? Daraja lile limepona? Nani analima shamba la karibu na mlima? Lilikuwa shamba lake. Hakusema hivyo. Vijana walijibu huku wanatazama simu zao, na yeye alisikiliza kila neno kwa namna ile ile alivyosikiliza changarawe.

Shemeji yake alikuja wakati wa kiangazi, asubuhi yenye joto. Mdogo wa marehemu mumewe. Nilimjua kwa sura tu. Ana mashine ya kusaga huko Nkololo, na alifika na pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba pipa la dizeli lililooza kwa ndani. Alishuka, akasimama. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Mwangaluka, shemeji," akasema yule bwana.

"Mwangaluka." Akalitazama pipa. "Lilikaa tupu."

"Lilikaa."

"Teremsha."

Pipa halining'inizwi. Alilitia minyororo mifupi na changarawe na ukwaju mwingi, akaliziba, wakalilaza chini. Mama akasimama upande huu, shemeji akasimama upande ule. Mama akalisukuma kwa miguu na mikono likabingirika mpaka kwa shemeji. Shemeji akalirudisha. Ndivyo walivyofanya asubuhi yote iliyobaki, pipa likinguruma kati yao. Mchomeleaji alizima mashine yake akatoka kutazama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Mchana Mama alinawa, akachukua kisahani chake cha ugali na nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, akageuza kigoda kuelekea ukutani. Shemeji alibaki amesimama juani.

"Shemeji, nimetoka nyumbani sijala."

"Mama lishe yuko pale kona. Anapika vizuri."

"Sijasema nataka cha kununua."

Mkono wa Mama ulisimama kwenye sahani. Sisi wengine tuliokuwa pale tulijua kilichoombwa. Huku mtu aliyekukataa harudi na maelezo. Akitaka kulirudisha neno lake, huja akaomba chakula chako mbele ya watu.

"Nawa," akasema Mama, bado ametazama ukuta.

Akanawa. Akachuchumaa. Akamega, akachovya, akala. Akamega tena. Mama hakumtazama, alikuwa ametazama chini, mahali pamoja.

"Mke wangu," akasema shemeji, "macho yamekuwa mekundu."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Wameanza?"

"Wameanza. Juzi alipeleka uji kwa mzazi pale jirani. Umerudi."

Mama akamsogezea sahani. "Kwa hiyo umekuja kwangu kwa ajili ya mke wako."

"Ndiyo."

"Ungeniambia ni kwa ajili yangu ningekufukuza. Kula."

Pipa lilimalizika kesho yake, na yeye akaanza kufunga vitu vyake. Nilimfuata chini ya mwarobaini. Nilimwambia yote niliyoona ni ya haki kusema: kwamba maneno yale hayafi, yanalala tu, kwamba shemeji anamtumia awe ngao ya mke wake, kwamba hapa mjini ana kazi, ana watu, na yuko salama.

"Salama niko," alisema. "Na kibuyu kilichotundikwa ukutani kiko salama."

"Mama, watakuua."

Alifunga fundo la kanga kabla ya kunijibu.

"Sikiliza, fundi. Mwanamke mmoja mwenye macho mekundu ni mchawi. Wawili wakikaa kibaraza kimoja, wakala sahani moja, mchana, kila mtu akiwaona, hao ni wanawake wenye macho mekundu. Yule peke yake hataweza. Mimi peke yangu sikuweza."

Aliondoka na pikipiki ile ya magurudumu matatu. Alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma, juu ya pipa lililolazwa na kufungwa, mikono imeshika kamba pande zote mbili, uso umetutazama sisi. Mchomeleaji alimpigia kelele kwamba mnyama asiye na masikio leo amempata. Mama alikuwa ameng'ang'ania kamba, na aliendelea kututazama mpaka kona ya barabara.

Boriti bado ipo. Nilijaribu kusuka matangi mwenyewe, kwa ukwaju na changarawe na kamba, kwa utaratibu ule ule, na kutu ilitoka. Lakini sikuvumilia sauti yake. Ilikuwa sahihi, na yeye hakuwepo ndani yake. Sasa duka la vipuri linauza chupa ya dawa ya kutu, unamimina, unasubiri, unamwaga. Kazi ni kimya na inafaa. Mchana najikuta nimegeuza kiti changu kuelekea ule ukuta wa matofali. Mchomeleaji aliwahi kuniuliza nasubiri nini pale. Nilimwambia kivuli. Akatazama jua lilipo, akarudi kwenye chuma chake.

Habari zilifika vipande vipande kupitia kwa watu wa bodaboda. Yupo. Mzima. Analima lile shamba la karibu na mlima. Mwaka huu, pamba ilipoanza kuchumwa, nikaitwa Nkololo kutengeneza pampu ya kisima. Pampu hiyo fundi yeyote angeweza kuitengeneza, na kwa kawaida ningemtuma mwingine. Nilikwenda mwenyewe. Njiani nilipanga maneno yangu. Nilitaka kumwambia kwamba boriti bado ipo, nafasi iko wazi, wateja wanamuulizia. Arudi, hata kwa msimu mmoja. Niliyapanga kama mtu anavyopanga vipuri kabla ya kuunga injini.

Mji wake umezungushiwa minyaa. Nilibisha hodi nikaingia. Walikuwa wawili kibarazani. Mke wa shemeji alikuwa anachambua pamba kwenye turubai. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kibuyu kilichoning'inia kwa kamba mbili, anasuka. Nilisimama kidogo kabla hawajaniona, kwa sababu kuna kitu kilinisumbua na sikujua ni nini. Kisha nikajua. Mkono ulikuwa ule ule, mwendo ule ule, na hapakuwa na changarawe. Ilisikika sauti laini tu ya maziwa.

Alinisalimia salamu yote, hakuruka kitu. Macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, ingawa ya Mama yalikuwa afadhali. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewapa dawa ya kupaka, aliniambia, na shemeji alikuwa ametoboa dirisha jikoni. Alinichotea mtindi kwa kata. Nikanywa. Alinitazama kooni mpaka niliposhusha kata.

"Watu wanakula?" nilimuuliza.

"Wengine wanakula. Wengine bado wanaagia mlangoni, kabla sahani haijatoka."

Mwanamke mmoja akaingia bila hodi, jirani, mwenye umri wa kati, anasema tangu kwenye minyaa.

"Mbuzi wa mwenyekiti ameingia tena kwenye viazi vyangu! Tena! Nimwambie nani, mwenyekiti ndiye mwenye mbuzi!"

"Mfunge," alisema mke wa shemeji.

"Nimfunge nishtakiwe wizi? Nyie wanawake mnataka nilale ndani?" Alichukua kata kutoka kwangu kana kwamba nilikuwa kigingi, akajichotea mtindi mwenyewe, akainua. Mama akaacha kusuka. Mke wa shemeji akaacha pamba. Wote wawili walitazama koo la yule mwanamke. Likapanda, likashuka. Likapanda, likashuka. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Na ni yule mwenye pembe moja. Hata aibu hana," akasema, akanirudishia kata, akatoka kwenda kumtafuta mbuzi.

Ndipo pamba ikaendelea kuchambuliwa. Mimi, niliyekuwa na maneno yaliyopangwa, niliyaangalia moja moja na sikuona pa kuliweka hata moja.

"Fundi," alisema Mama, "umekuja na neno."

"Hapana, mama. Nimekuja kwa ajili ya pampu."

"Pampu iko kisimani. Hapa ni kwangu."

Alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa ameshalisikia neno lenyewe, jinsi alivyosikia kila kitu. Mke wa shemeji alikuwa ameinamia pamba lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Nikamnyooshea kata.

"Niongeze, mama."

Akajaza mpaka ukingoni. Safari hii hakunitazama nikinywa. Alikuwa ameshakigeukia kibuyu chake.